Chemba ya oksijeni na maumivu sugu

"Daktari, nimesikia kuna chemba ya oksijeni inayoondoa maumivu. Niende?" Mara nyingi anayeniuliza ana fibromialgia: mwili mzima unauma, usingizi hauji, na vipimo vyote vinarudi safi. Ameshachoka kuambiwa hana kitu, kwa hiyo anastahili jibu kamili.

Ndani ya chemba mgonjwa huvuta oksijeni karibu tupu kwa kama dakika 90, huku kanieneo (mgandamizo wa hewa) likipandishwa hadi takriban mara 2 au 2.5 ya lile la kawaida. Kwa kawaida oksijeni ya damu hubebwa karibu yote na hemoglobini, protini iliyo ndani ya chembe nyekundu za damu. Kanieneo likipanda, kiasi kikubwa zaidi huyeyuka moja kwa moja kwenye majimaji ya damu na kufika hata kwenye tishu ambazo uvimbe umezibana. Kwa nguvu hiyo tunawatibu wapiga mbizi wenye viputo vya gesi mwilini, waliovuta monoksidi ya kaboni (gesi ya sumu kama ya jiko la mkaa), na baadhi ya wenye vidonda vya kisukari vya mguu. Fibromialgia bado haimo katika orodha ya magonjwa yanayokubalika kutibiwa hivyo.

Utafiti upo, na unanipa moyo. Mwaka 2015 watafiti wa Israeli walichapisha matokeo ya wanawake 60 wenye fibromialgia waliopangiwa vipindi 40 kila mmoja. Maumivu yalipungua, na picha za ubongo zilionyesha mabadiliko. Ila kundi la kulinganishia lilikuwa linasubiri zamu yake, likijua halijatibiwa. Na maumivu husikiliza sana matumaini. Naupa uzito zaidi utafiti wa Uturuki wa 2004 kuhusu maumivu makali ya mkono baada ya kuumia: wagonjwa 71 wote waliingia chemba, wengine wakavuta oksijeni, wengine hewa ya kawaida. Wa oksijeni walipata nafuu zaidi. Hata hapo kuna fundo, maana hewa ya kawaida yenye oksijeni asilimia 21, ikigandamizwa mara 2.4, humpa mtu kiasi sawa na kuvuta asilimia 50 katika kanieneo la kawaida, kwa hiyo hata kundi la hewa lilipata oksijeni ya ziada. Tiba bandia ya kweli, yaani ya kulinganishia isiyo na nguvu yoyote, ni ngumu kuitengeneza, na ndiyo sababu ushahidi unakua polepole.

Chemba laini za kujazwa upepo, zinazofika mara 1.3 tu, sizo zilizotumika katika tafiti hizi. Nawasihi wagonjwa wasiuze mali kwa ajili yake.

Madhara ya kawaida ni masikio kuuma. Macho yanaweza kubadilika kwa muda, na mara chache sana mtu hupata degedege. Mwenye hewa iliyovuja nje ya pafu haingii kabisa mpaka atibiwe.

Kwa hiyo namjibu hivi: kwanza mazoezi ya taratibu, usingizi na dawa tulizonazo. Zikishindikana, na kukiwa na kituo chenye daktari anayesimamia chemba, tutaandika kiwango cha maumivu kabla ya kuanza, tupime tena njiani, na tusipoona tofauti tusimamishe.