"Afrika Kusini Kuna Usalama?" na Dhana Nyingine Zinazoharibu Likizo

Mteja akishaketi, kabla hajauliza nauli wala hoteli, swali ni lile lile: "Hivi kule kuna usalama?" Kwenye ofisi yangu ya safari hapa Dodoma nimelijibu kwa watumishi wa mji wa serikali wa Mtumba, wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), wafanyabiashara wa mafuta ya alizeti na maharusi wa fungate. Juni ikikaribia na shule zikielekea kufungwa, nalijibu mpaka sauti inakauka. Anayeuliza anataka neno moja tu. Nikisema ndiyo, anaacha kusikiliza na kuanza kuwaza nguo za kupigia picha. Nikisema hapana, anahamia Dubai. Wote wawili wanaondoka bila kile nilichotaka kuwaambia.

Nitatumia Afrika Kusini kwa sababu ndiyo wanayoiulizia zaidi kwa safari ya kuzunguka kwa gari: unatua Johannesburg, unakwenda Kruger kuona wanyama (najua, tunao Ruaha hapo jirani, lakini mteja ni mteja), unaruka mpaka Cape Town, kisha unaambaa na pwani ya Garden Route. Viza hatuhitaji, gari linapita kushoto kama kwetu, na leseni yetu yenye picha na maandishi ya Kiingereza inakubalika. Safari tamu kabisa, ila haipangwi kwa "ndiyo" au "hapana".

Dhana: nchi fulani ni salama, nchi fulani ni hatari

Hii ndiyo inayonimaliza. Hakuna anayebisha kwamba Afrika Kusini ina uhalifu mkubwa. Katika mwaka wa takwimu wa 2022/23 polisi wao waliandikisha mauaji zaidi ya 27,000. Lakini polisi hao hao hutoa takwimu kituo kwa kituo, pamoja na orodha ya vituo 30 vinavyoongoza kwa mauaji, na majina yanajirudia: Inanda na Umlazi upande wa Durban, Nyanga, Delft, Mfuleni na Khayelitsha upande wa Cape Town. Ni makazi ya watu wa kipato cha chini, na wanaoumia zaidi ni wakazi wenyewe, kwenye ugomvi, ulevi na vita vya magenge. Hakuna ratiba ya mtalii inayolala Inanda.

Sasa mteja akisikia hivyo anapumua: "Kumbe basi hakuna shida, huko hatuendi." Ngoja kwanza. Tazama ramani. Nyanga na Delft ziko karibu kabisa na uwanja wa ndege wa Cape Town, na barabara ya N2 inayokuleta mjini inapita kando yake. Mtalii haendi Nyanga, anapotelea Nyanga. Agosti 2023, wakati wa mgomo wa madereva wa daladala, daktari aliyetoka Uingereza na familia yake alipigwa risasi akafa huko Nyanga, baada ya gari lao kuiacha barabara kuu. Oktoba 2022 mtalii Mjerumani aliuawa kwa risasi kwenye barabara inayokwenda geti la Numbi, Kruger. Maelfu ya wageni waliokuwa nchini humo wiki hizo hizo walikula, wakalala na kurudi kwao. Tofauti ilikuwa barabara ile, siku ile.

Ndiyo maana swali langu la kwanza kwa mteja halihusu nchi. Namuuliza: unafika saa ngapi, na kutoka hapo unapita wapi?

Tupige hesabu ya Juni, maana ndiyo likizo yenu. Kule ni majira ya baridi na siku ni fupi. Saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa moja. Dodoma jua linazama kama saa kumi na mbili na nusu, Johannesburg linazama kwenye saa kumi na moja na dakika 25 kwa saa zao, na nusu saa baadaye ni giza kamili. Cape Town ni kituko zaidi: asubuhi hakujapambazuka vizuri mpaka karibu saa mbili. Mtu aliyezoea kuondoka Dodoma alfajiri ya saa kumi na mbili na nusu akiwa anaona njia, kule saa hiyo ni usiku.

Mteja anatua Johannesburg saa saba mchana. Pasipoti, mizigo, foleni ya kukodi gari. Hapo kwenye gari kuna mtego wake: kampuni nyingi zinataka kadi ya mkopo yenye jina la dereva ili kushikilia kiasi cha dhamana, na wengi wetu tuna kadi ya debiti tu, kwa hiyo mnaanza kubishana. Mnatoka saa tisa na nusu. Kruger iko kama kilomita 400 mbele, kidogo tu pungufu ya Dodoma hadi Dar. Mageti ya Kruger mwezi Juni yanafungwa saa kumi na moja na nusu jioni, na ndani ya hifadhi mwendo ni kilomita 50 kwa saa kwenye lami. Hesabu haifiki. Atakutwa na giza katikati ya njia, kwenye nchi asiyoijua, akiwa na watoto nyuma na simu yenye chaji kidogo. Hapo ndipo hatari ilipo, na ameinunua mwenyewe kwa kukwepa kulipia usiku mmoja.

Usiku huo ulipwe. Lala karibu na uwanja wa ndege, au panda Gautrain, treni yao ya haraka, mpaka Sandton, kitongoji cha biashara na hoteli, kama robo saa tu, ule, ulale, asubuhi ndipo uchukue gari. Wateja wangu wanalalamika kwamba nawapotezea siku. Wengine wametoka kazini Ijumaa jioni, wakapanda SGR kwenda Dar, wakasinzia kwenye viti vya uwanja wa ndege, na bado wanataka kushika usukani mara wakitua. Hapana. Mimi tiketi kama hiyo sikati bila kugombana kwanza.

Na usidhani giza ninaloliogopa ni la majambazi peke yao. Barabara za Afrika Kusini zinaua watu kama 12,000 kwa mwaka, na takriban wanne kati ya kumi ni watembea kwa miguu. Ng'ombe nao wanavuka. Yeyote aliyewahi kuendesha usiku kutoka Manyoni kwenda Singida anajua ninachosema. Kwa mtalii wa gari, ajali ni tishio la kila siku, na watu wanaoniuliza habari za bastola hawajawahi kuniuliza kama mkanda wa kiti cha nyuma unafanya kazi. Sheria yangu ni moja kwa yote mawili: ikifika saa kumi jioni gari liwe limeegeshwa mnapolala, au mmebakiza kilomita chache.

Kuhusu ramani ya simu: inatafuta njia ya haraka, haiulizi njia hiyo inapita kwa nani. Jioni kabla ya safari kaa na karatasi, andika namba za barabara na miji mtakayopita, kisha mwoneshe mtu wa mapokezi hotelini. Atakwambia "hapa zunguka" bila hata kufikiri. Kutoka uwanja wa ndege wa Cape Town baki kwenye N2 mpaka mjini, hata simu ikikupigia kelele kwamba kuna njia ya mkato. Kuingia Kruger kwa upande wa kusini mimi napanga geti la Phabeni, karibu na Hazyview, siyo Numbi. Mafuta jaza mjini kabla ya kuondoka, msingoje taa iwake. Na soma habari za wiki hiyo. Kukiwa na mgomo wa daladala, siku hiyo haiendeshwi, ipumzikeni hotelini.

Dhana: sisi ni Waafrika wenzao, hatutatambulika

Utatambulika kabla hujamaliza sentensi. Mtu atakusalimu kwa Kizulu, utajibu kwa Kiingereza cha Tanzania, na kibaka aliyesimama pembeni ameshajua una pasipoti na pesa za safari. Rangi moja haijawahi kuwa kinga kule. Machafuko ya Mei 2008 dhidi ya wageni yaliua watu zaidi ya 60, yakarudi 2015 na tena Septemba 2019, na wengi wa waliolengwa walikuwa Waafrika. Hayo hutokea zaidi kwenye makazi ya watu wa hali ya chini na maduka ya katikati ya miji, hotelini kwako hutayaona, lakini likianza vuguvugu usiende "kuangalia tu".

Kuna na lile la "tuna ndugu yetu, atatupokea". Ndugu mwenyewe ukiuliza anakaa wapi, Hillbrow, mtaa wa katikati ya Johannesburg wenye sifa mbaya ya uhalifu. Shemeji, nampenda sana huyo ndugu, ila aje yeye Sandton mle chakula cha mchana. Kwake mnalala siku nyingine, mkishaujua mji.

Dhana: gari nimelifunga, nimebonyeza rimoti

Umebonyeza, lakini limefunga? Wezi wa maegesho wanatumia vifaa vya kuzuia mawimbi ya rimoti. Unabonyeza, unaondoka, mlango uko wazi. Vuta kitasa kila mara, ni sekunde moja. Begi na simu visionekane kupitia kioo hata mkiwa ndani ya gari, kwa sababu kwenye mataa kuna wanaovunja kioo, kuchukua na kukimbia. Na gari lisilo na nembo likiwaka taa za bluu nyuma yako likitaka usimame, washa taa za hatari, punguza mwendo, nenda polepole mpaka kituo cha polisi au sheli yenye watu. Polisi wa kweli anaelewa, na wa bandia hatakufuata huko.

Dhana: dola taslimu ndizo salama

Salama kwa nani? Kule karibu kila mahali wanapokea kadi. Iarifu benki yako kabla ya kuondoka, beba kadi mbili sehemu mbili tofauti, toa randi kwenye ATM iliyo ndani ya duka kubwa, na msaidizi yeyote anayejitokeza hapo umwambie hapana, hata akiwa na shati la benki.

Dhana: nina NHIF

Kadi hiyo ya bima ya afya ya nyumbani ukivuka mpaka ni kitambulisho tu. Hospitali binafsi za kule zinataka malipo ya awali au barua ya bima ya safari kabla ya kukulaza. Nunua bima, na usome kinachokataliwa: pombe na usukani, mali iliyoachwa bila mtu, dereva ambaye jina lake halimo kwenye mkataba wa gari. Hilo la mwisho linawaumiza wanandoa, maana mume amesaini, mke ndiye anaendesha.

Dhana: nikikwama, ubalozi utanilipia

Tuna ubalozi Pretoria na wanasaidia, lakini kwa mipaka. Ukikamatwa, Mkataba wa Vienna wa 1963 kuhusu uhusiano wa kikonseli unakupa haki ya kutaka ubalozi wako uarifiwe, kwa hiyo taja neno hilo mapema. Watawasiliana na familia, watakutengenezea hati ya dharura ya kurudi nyumbani. Hospitali, wakili na tiketi unalipa mwenyewe. Piga 10111 kwa polisi, au 112 kwa simu ya mkononi. Na ukiibiwa pasipoti, anzia kituo cha polisi upewe namba ya jalada. Bila namba hiyo ubalozini utarudishwa kuitafuta, na kampuni ya bima hailipi hata senti.