Bastola ya kumlindia mzazi mzee Lubumbashi: yanayosemwa na ukweli wake

Mzazi akibaki peke yake kwenye parseli, watoto wako Kolwezi, Likasi au ng'ambo, na umeme wa SNEL ukikatika kartie nzima inazama gizani. Wiki ile jirani anapovunjiwa mlango, neno bastola linatajwa mezani. Ni mazungumzo halali, na mzee ana haki ya kusikilizwa mpaka mwisho. Shida ni kwamba ushauri mwingi unaozunguka Ruashi, Katuba na Kampemba kuhusu jambo hili si wa kweli, na unaweza kumfikisha mzee wa miaka 72 mbele ya mahakama ya kijeshi.

“Kuna mtu anaiuza, karatasi tutafanya baadaye”

Hakuna karatasi ya baadaye. Silaha nchini Kongo zinaongozwa na Amri-Sheria namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985, iliyoandikwa wakati nchi ikiitwa Zaïre, pamoja na amri ya utekelezaji namba 85-212 ya siku hiyo hiyo. Mpangilio wake ni mmoja: idhini kwanza, silaha baadaye. Bastola iliyotoka kiunoni mwa askari haina njia ya kuhalalishwa, kwa sababu ina namba, na namba hiyo inaielekeza kwenye ghala la serikali. Kama namba imekwanguliwa, mkwaruzo wenyewe unamsemea mzee vibaya kuliko hata namba.

Tena silaha ya jeshi au ya polisi ni silaha ya vita. Kanuni ya adhabu ya kijeshi, yaani Sheria namba 024/2002 ya tarehe 18 Novemba 2002, inamgusa hata raia anayeshikwa na silaha au risasi za vita bila ruhusa. Faili lake haliendi parke ya kawaida, yaani ofisi ya mwendesha mashtaka wa raia, linakwenda kwa oditora, mwendesha mashtaka wa kijeshi. Risasi peke yake zinatosha: pakiti iliyofichwa ndani ya gunia la unga, bila bastola yoyote, ni kesi kamili.

Hapa ndipo familia zenye mtoto polisi au mwanajeshi zinapojikwaa. Kijana anamwambia mama yake, “Mama, naiacha hapa usiku, asubuhi nairudia.” Kwa mapenzi hayo anaingiza watu wawili hatarini: mama anakuwa na silaha asiyoruhusiwa, na yeye mwenyewe anaweza kushtakiwa kwa kutapanya silaha na risasi alizokabidhiwa. Silaha ya kazi ibaki kazini.

“Kibali ni suala la kulipa tu”

Kulipa ni hatua mojawapo, na haiji kwanza. Uamuzi uko kwenye Wizara ya Mambo ya Ndani, Kinshasa, kwa hiyo faili linasafiri na linachukua muda. Mahali pa kuanzia Lubumbashi ni Divisheni ya Mambo ya Ndani ya jimbo la Haut-Katanga. Nenda na mzee, ulizia kama kwa wakati huu maombi ya silaha ya kujilinda yanapokelewa, na omba orodha ya vinavyotakiwa kwa maandishi. Usiridhike na orodha ya mdomo, maana kila mlango wa ofisi una orodha yake.

Wakati mnasubiri, kusanyeni vitu ambavyo vitawafaa kwa vyovyote: kitambulisho cha mzee, cheti cha rekodi ya makosa ya jinai (casier judiciaire), cheti cha daktari kinachozungumzia macho, mikono na akili, na barua ya maombi. Barua iseme jambo lililo wazi: anaishi na nani, nyumba iko kartie gani, imevunjwa lini, taarifa iliandikishwa komisaria gani. “Kwa usalama wangu” ni maneno matupu. Kila karatasi inayoingia ofisini, bakini na nakala yenye muhuri wa kupokelewa na tarehe.

Malipo ya serikali yanapitia DGRAD, ofisi ya serikali ya kukusanya mapato: mnapewa note de perception (hati inayoonyesha kiasi cha kulipa), mnalipa benki, mnabaki na uthibitisho wa benki. Anayetaka fedha mkononi bila karatasi hiyo hauzi kibali, anauza matatizo. Na kibali kikitoka, kisomeni polepole. Linganisheni namba iliyoandikwa na namba iliyochongwa kwenye chuma, tarakimu kwa tarakimu, kabla ya fedha kumfikia muuzaji. Angalieni pia kinaruhusu nini. Kuwa na bastola nyumbani na kutembea nayo barabarani ni mambo mawili, na lisiloandikwa halikuruhusiwa.

Jina ni la mzee, kwa sababu yeye ndiye atakayekuwa nayo. Wengine wanapendelea jina la mtoto mkubwa “ili iwe rahisi”. Mtoto huyo akiwa Kolwezi, bastola iliyoko Katuba iko mikononi mwa mtu asiye na kibali. Na kama mzee hawezi kufika ofisini, kujibu maswali na kusaini mwenyewe, hilo ni jibu tosha kuhusu bastola pia.

“Mzee achukue ndogo na nyepesi”

Hili linaonekana la busara na ni kosa kubwa. Risasi ileile, kwa mfano .38 Special, inapiga teke kali zaidi kwenye rivolva ya gramu 400 na kitu kuliko kwenye ile ya chuma ya gramu 900, kwa sababu uzito ndio unaomeza teke. Mkono wenye baridi yabisi ukionja mara mbili unaanza kuogopa, mzee anafumba macho kabla ya kufyatua, na risasi inakwenda chini au pembeni. Mpini mdogo nao hauachi nafasi ya kidole cha mwisho, na hicho ndicho kinachozuia bastola isiruke.

Bastola ya magazini, mara nyingi ya 9 mm, inataka sehemu ya juu ivutwe nyuma dhidi ya springi ngumu ili risasi iingie. Mtazameni mzee akifanya hivyo na bastola tupu, mbele ya mwalimu anayeruhusiwa. Mkono ukiwa dhaifu, anaikumbatia tumboni apate nguvu, na hapo mtutu unageuka kumtazama aliyesimama pembeni yake. Mara nyingi kidole kinateleza kwenye kifyatuo wakati huohuo. Dawa yake ni kushika sehemu ya juu kwa kiganja kizima, kiwiko karibu na mbavu, mtutu mbele, kisha mkono wa mpini usukume mbele badala ya ule mwingine kuvuta. Wengi wanaweza kwa njia hii. Lakini kuna tatizo la pili: kifundo cha mkono kikilegea wakati wa kufyatua, ganda tupu linabanwa kwenye tundu la kutokea na bastola inakwama baada ya risasi moja. Kuifungua gizani, huku mikono inatetemeka, si kazi ya kumpa mtu wa miaka 75.

Rivolva haina hayo. Ngoma inafunguliwa, risasi zinaonekana zote, hakuna cha kuvuta. Gharama yake iko kwenye kifyatuo: bila kurudisha nyundo kwanza, kinataka nguvu ya kilo 4 hadi 6. Kipimo ni rahisi. Bastola ikiwa tupu na imekaguliwa na watu wawili, mzee afyatue mara 10 mfululizo akilenga alama ukutani. Mtutu ukishuka au akianza kutumia vidole viwili, haimfai. Fundi akijitolea kulainisha kwa kukata springi, kataeni: nyundo inapoteza nguvu na risasi haiwaki.

Macho yana neno lao. Mtoto wa jicho na uzee vinafanya kilengeo cha mbele kiwe ukungu, na miwani ya kusomea haikai usoni saa nane usiku.

“Iwe chini ya mto, kwenye sanduku ina faida gani?”

Chini ya mto inapatikana haraka kwa kila mtu: mjukuu wa miaka 5, dada wa kazi, mwizi anayepita dirishani mzee akiwa kanisani. Bastola yenyewe ni mali wezi wanayoitafuta, na habari kwamba mzee fulani anayo inasambaa kartie nzima kwa siku chache. Iwekwe kwenye sanduku la chuma lililofungwa kwa boliti ukutani au sakafuni, risasi zifungiwe mbali nayo, ufunguo ubaki mwilini mwa mzee. Msimu wa mvua, kuanzia Novemba, unyevu unakula chuma: ifutwe kwa kitambaa chenye mafuta kidogo kila wiki, na isihifadhiwe kwenye ngozi, maana ngozi inashika maji.

Ila kufuli halimlindi mzee dhidi yake mwenyewe, na jambo hili familia zetu zinaliogopa kulitaja. Utafiti wa Arthur Kellermann na wenzake nchini Marekani, uliochapishwa mwaka 1992 katika New England Journal of Medicine, ulikuta kwamba kuwepo kwa bunduki nyumbani kulihusishwa na hatari ya kujiua ya karibu mara 5. Ni takwimu za kwao, lakini mjane aliyeacha kula, au baba mwenye maumivu yasiyokwisha anayesema “mimi sasa ni mzigo”, tunao hapa. Muulizeni waziwazi kama anawaza kufa. Swali hilo halimtii wazo hilo kichwani. Na wakati huo bastola isiwepo kabisa ndani ya nyumba.

Kuna pia kuchanganyikiwa kwa muda. Malaria kali au maambukizi ya njia ya mkojo yanaweza kumfanya mzee mwenye akili timamu asimtambue mwanawe kwa usiku mmoja. Dawa za usingizi zinafanya vivyo hivyo. Usiku huo, mjukuu aliyechelewa kurudi au zamu (mlinzi wa usiku) anayekagua uani anakuwa “mwizi”.

“Mwizi akishaingia parseli, sheria iko upande wako”

Kuingia parseli peke yake hakutoshi. Majaji wanaangalia kama shambulio lilikuwa linaendelea au liko karibu kabisa kutokea, kama halikuwa la haki, kama hapakuwa na njia nyingine, na kama nguvu iliyotumika ililingana na hatari. Mtu anayeruka ukuta na televisheni begani, mgongo umekuelekea, hatishii tena uhai wa mtu. Kumpiga risasi ni kuua.

Ikitokea mzee amempiga mtu risasi, aweke bastola chini, aite komisaria na daktari, asisogeze kitu wala kufagia maganda. Azungumze na wakili kabla ya kusaini hati ya mahojiano. Katiba ya 2006 inampa haki hiyo katika kifungu cha 19, na kifungu cha 18 kinasema kushikiliwa na polisi kusizidi saa 48 kabla ya kufikishwa mbele ya mamlaka ya sheria. Hifadhini namba za komisaria na wakili kwenye simu yake leo.

“Kupiga hewani hakumdhuru mtu”

Risasi inayopanda inashuka, na ikishuka ina nguvu ya kupasua fuvu. Ya 9 mm iliyopigwa mbele inapita mlango wa bati na mlango wa mbao na kuendelea mpaka kwa jirani. Ndani ya chumba, kishindo kinapita desibeli 150. Sikio huanza kuumia papo hapo kwenye 140, na mzee asiyesikia vizuri atapoteza hata kile kidogo, wakati ambapo anahitaji kusikia kama waliobaki wako koridoni.

“Bila bastola, mzee hana ulinzi”

Kwa wazee wengi wa Lubumbashi tunaona mlango ndio silaha ya kwanza, na fedha zianzie huko. Chunguzeni mlango wa chuma unaofunguka kwa nje: bawaba ziko upande wa mwizi, na anagonga pini zake kwa nyundo bila kugusa kufuli. Fundi achomelee vichwa vya pini, kisha aongeze vidole viwili vya chuma upande wa bawaba vinavyoingia kwenye fremu mlango ukifungwa. Fremu ya mbao iliyoshikwa kwa misumari mifupi inang'oka kwa teke moja. Ifungwe kwa skrubu ndefu zinazoingia ndani ya tofali.

Chumba cha kulala kiwe na mlango mzito na komeo mbili za ndani, simu yenye chaji, na filimbi. Majirani watano wakikubaliana juu ya filimbi moja na namba za kupigiana, wezi wanapoteza kitu wanachokitegemea zaidi, yaani muda. Taa ya sola yenye kihisi cha mwendo iwekwe juu, mbali na mkono wa mtu, na paneli ielekee kaskazini, kwa kuwa tuko kusini mwa ikweta. Wengi wanaielekeza popote kisha wanalaumu betri.

Antivol, yaani nondo za kuzuia wezi, ya dirisha moja la chumba cha mzee lazima ifunguke kutoka ndani, ufunguo ukining'inia pale mkono wake unapofika akiwa amekaa kitandani na mbali na mkono wa mtu aliye nje. Nyumba iliyofungwa chuma pande zote, mshumaa ukianguka, haina mlango wa kutokea.

“Mzee akifariki, bastola ni urithi kama nyumba”

Kibali ni cha mtu, nacho kinaisha naye. Mrithi anayetaka kubaki na silaha anaanza ombi lake mwenyewe tangu mwanzo. Mpaka hapo isibebwe kwenye teksi kwenda kwa kaka mkubwa wala kugawanywa kwenye kikao cha familia. Iacheni kwenye sanduku lake, chukueni kibali na cheti cha kifo, nendeni komisaria mkaombe waje kuichukua nyumbani. Wakiondoka nayo, wawaachie hati yenye namba ya silaha, idadi ya risasi, tarehe na jina la afisa aliyepokea.