Madoa ya maji na meno kuoza: tusichanganye mambo mawili

Huku Nakuru, kuanzia Njoro hadi Bahati, kuna wazazi wengi waliokata tamaa na meno ya watoto wao mapema mno. Mtoto anaota meno ya mbele ya ukubwani, yanatoka na madoa ya hudhurungi, na nyumba nzima inakubaliana kwamba ni maji. Kwa hayo wako sahihi. Kosa linaingia pale wanaposema: basi mswaki ni wa nini?

Maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa hupita kwenye miamba ya volkano na kubeba madini ya floraidi. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita, na visima vingi vya huku vinapita hapo. Floraidi ikizidi humfikia mtoto wakati jino lingali linajengeka ndani ya taya, hasa kabla hajafika miaka 8. Jino likichomoza, doa tayari limo ndani ya gamba lake. Kulisugua kwa majivu, makaa au chumvi hakuliondoi. Unakwangua gamba bure.

Kuchemsha maji pia hakusaidii kwa jambo hili. Kunaua vijidudu, lakini maji yanapungua sufuriani na floraidi inabaki pale pale. Kinachosaidia ni kichujio cha mkaa wa mifupa, ambacho Jimbo Katoliki la Nakuru limekihimiza kwa miaka mingi, au maji ya mvua. Hushangaza kuona nyumba yenye mabati mazuri ikiacha mvua ya Aprili imwagike yote mtaroni, kisha inanunua maji ya kisima kwa mtungi. Kama tangi ni dogo, maji ya mvua yawe ya kunywa na ya kupikia uji wa wadogo. Ya kisima yafue na kuosha vyombo.

Kuoza ni hadithi nyingine. Vijidudu vilivyo kwenye ukoga, ule utando unaonata menoni, hula sukari na kutoa asidi, na asidi ndiyo inayotoboa. Jino lenye madoa huoza, na jeupe pepepe huoza vilevile. Kikubwa si wingi wa sukari peke yake bali ni mara ngapi inaingia mdomoni. Soda moja pamoja na chakula cha mchana ina nafuu kuliko ile inayonywewa kidogokidogo alasiri nzima, maana kila funda linaanzisha asidi upya. Chai yenye sukari, biskuti, peremende za dukani baada ya shule, ni mlolongo usiompa jino nafasi ya kupumua. Mbaya kuliko yote ni mtoto kulala na chupa ya maziwa au juisi mdomoni. Usiku mate hupungua, na mate ndiyo yanayozimua asidi.

Kwa hiyo, kama nyumba yako inaweza kusimamia mswaki mmoja tu kwa ukali, uwe wa usiku, na baada yake kusiingie kitu ila maji. Wa asubuhi uwe wa pili.

Nani apige mswaki? Mzazi. Mtoto wa miaka 4 anayeambiwa "nenda upige meno" atalowesha mswaki, atautafuna kidogo na kurudi akitabasamu. Mpaka afike miaka 7 au 8 mkono wake haujawa na ustadi. Mwache aanze mwenyewe ili azoee, kisha umalizie wewe. Simama nyuma yake, aegemeze kichwa kwenye tumbo lako, inua mdomo wa juu kwa kidole uone ufizi, halafu pitisha mswaki taratibu pale jino linapokutana na ufizi, nje na ndani, kwa dakika 2. Anza hivyo jino la kwanza linapochomoza, kwa kawaida karibu na miezi 6.

Dawa ya meno iwe na floraidi, ndiyo, hata hapa Nakuru, kwa sababu inapogusa jino huliimarisha dhidi ya asidi. Inayodhuru ni inayomezwa. Chini ya miaka 3, paka kiasi cha punje ya mchele. Miaka 3 hadi 6, punje ya minji. Yale matangazo yanayojaza mswaki mzima yanauza dawa tu. Afundishwe kutema, na asisukutue sana baadaye.

Jino la kuchunga zaidi ni gego la miaka 6. Linaota nyuma kabisa, nyuma ya magego ya utoto, bila jino lolote kung'oka kulipisha. Ndiyo maana wazazi hudhani ni la utoto na kusema litatoka tu. Halitoki, ni la maisha. Lina mifereji mirefu juu yake inayoshika chakula, na daktari wa meno anaweza kuiziba kabla haijatoboka. Washa tochi ya simu, mwambie aachame, uangalie. Ukiona weupe wa chaki au kidoa cheusi, usingoje liume. Tundu dogo huzibwa kwa kikao kimoja. Likishafika kwenye neva, mara nyingi huku kwetu huishia kung'olewa, na mahali pake halioti lingine.