Jamani, hao maninja weusi mmewatoa wapi?

Juzi tena mtu kanitumia picha ya jamaa kavaa nyeusi tii, yamebaki macho tu, mkononi nyota ya chuma, anauliza "mwalimu, ndo walikuwa hivi?" Hapana. Nafundisha historia ya Japani na hili swali nimeshalichoka, afu nikijibu watu wananuna kama nimewafungia banda la video.

Haya. Shinobi, yaani maninja wenyewe, wa Iga na Koka, maeneo mawili ya Japani, enzi za Sengoku, zile za vita vya wenyewe kwa wenyewe karne ya 15 na 16, walikuwa watu wa milimani, wakulima wenye silaha, mabwana wa vita wanawakodi. Walichoma ngome usiku, kuua kulikuwepo pia, ila kazi kubwa ilikuwa habari: ndani kuna askari wangapi, chakula kimebaki kiasi gani, nani ana kinyongo na bwana wake. Sasa niambieni, mtu wa kazi hiyo apite getini mchana kweupe kavaa kininja? Walijifanya watawa, wachuuzi, wasanii wa kuzunguka. Shōninki, kitabu cha mafunzo cha 1681, kinataja nguo za kahawia, bluu iliyokolea na, ndiyo, nyeusi imo, tulieni kwanza, imo kwa sababu hizo ndo rangi zilizojaa mtaani kwa hiyo ukizivaa hakuna anayekuangalia mara mbili. Giza halihusiki hapo!

Lile vazi la kwenye picha linakuja na michoro ya enzi ya Edo, ile ya amani baada ya vita, mchoraji Hokusai kachora mmoja anapanda kamba mwanzoni mwa miaka ya 1800, na bwana wa vita Oda Nobunaga alishaisambaratisha Iga mwaka 1581, yaani zaidi ya miaka 200 nyuma. Wengi watakwambia limetoka kabuki, michezo ya jukwaani ya Kijapani, kwa kuroko, wale wasaidizi wa jukwaani wanaovaa nyeusi na watazamaji wanajifanya hawawaoni, kwa hiyo mmoja wao akichomoa panga ghafla ukumbi mzima unaruka. Maelezo matamu, hata wenzangu wanayafundisha, ila ushahidi wake mwembamba sana na mimi siyanunui yote.

Nyota za chuma fasta: kurusha shuriken kulifundishwa kwenye shule za samurai, za shinobi ushahidi kiduchu. Hattori Hanzō naye, yule mnayemwita ninja maarufu, alikuwa samurai wa bwana wa vita Tokugawa Ieyasu, anaongoza askari. Kutembea juu ya maji sijibu.

Kinachoninyima usingizi ni kingine. Vitabu tunavyovitegemea wote vimeandikwa vita vimeisha. Bansenshūkai, kile kikubwa kuliko vyote, ni cha 1676, wakati shinobi wengi hawana tena cha kupeleleza, na mwaka 1789 watu wa Koka walikibeba mpaka serikalini Edo, Tokyo ya leo, wakiomba wakumbukwe kwenye ajira. Kwa hiyo nikisoma ile orodha ndefu ya vifaa na mbinu huwa najiuliza, hapa kuna kazi iliyofanyika kweli kiasi gani, na kuna CV kiasi gani?