Majina ya Waitaliano hayakubadilishwa Ellis Island

Familia nyingi zenye asili ya Italia huko Marekani husimulia kwamba ofisa wa Ellis Island, kituo cha kupokea wahamiaji, alishindwa kutamka jina la babu, akamwandikia jingine. Sivyo. Kwenye kituo hicho cha New York, kilichofunguliwa 1892, wakaguzi walimhoji abiria wakifuata orodha iliyokwisha kujazwa na makarani wa kampuni ya meli bandarini alikopandia, kama Napoli au Palermo. Wakalimani pia walikuwepo. Fiorello La Guardia, aliyekuja kuwa meya wa jiji hilo, alikuwa mmoja wao.

Jina lilibadilika baadaye, kazini au shuleni, na mara nyingi kwa hiari: Giuseppe akawa Joe. Sheria ya 1906 iliiruhusu mahakama kubadili jina wakati wa kutoa uraia, kwa hiyo ukimtafuta babu kwenye orodha za meli, anzia kwenye jalada lake la uraia.

Bibi aliyeolewa mtafute kwa jina la ukoo wa baba yake, maana ndilo ambalo kwa kawaida Waitaliano waliandikiwa melini. Usipompata, huenda aliyenakili mwandiko wa karani alisoma L akadhani S (hutokea sana). Acha jina la ukoo. Tafuta kwa jina la kwanza, umri na kijiji alikotoka.