Tshangalele: ndege wanafuata tope

Ukimtajia mtu wa Lubumbashi, kusini mwa Kongo, Ziwa Tshangalele, atakuambia samaki wa Kapolowe, kisha umeme wa Mwadingusha. Ndege hawamjii akilini. Mimi kazi yangu ni ndege wa majini, na kwangu sehemu tamu ya ziwa hilo ni ile ambayo wavuvi wanailaani kwa sababu mitumbwi inakwama: ukingo wenye tope.

Ziwa hili si la asili. Mto Lufira ulizibwa ili migodi ya shaba ipate umeme, na mitambo ya Mwadingusha ikaanza kazi mwaka 1930. Maji yalifunika bonde tambarare, kwa hiyo yakatandaa badala ya kwenda chini. Katika bonde la namna hiyo, maji yakishuka kidogo tu, ukingo unarudi nyuma mbali sana.

Nako kushuka kunakuja kwa wakati wake. Tangu Mei hatupati mvua, jua linakausha, mitambo nayo inakunywa. Kufikia Septemba na Oktoba tope limekuwa pana, na ndipo vitwitwi, ndege wadogo wahamiaji wa kandokando ya maji, wanapotua kutoka vinamasi vya Skandinavia na Urusi.

Mtazame mmoja wao, Tringa glareola, gramu 60 hivi. Anatembea pale maji yasipozidi miguu yake, anadonoa kushoto, anadonoa kulia, mara anachomoa funza mwekundu wa wale vijidudu wanaofanana na mbu lakini hawaumi. Ukimsogelea anaruka na mlio mkali, kiuno cheupe kikionekana. Jirani yake, kitwitwi mwingine aitwaye Calidris minuta, hafiki hata nusu ya uzito huo, na miguu yake ni mifupi. Maji yakipanda sentimita chache, kwake meza imeondolewa. Ndiyo maana nikisikia lango la bwawa limefungwa au limefunguliwa, nafikiria ndege kabla ya balbu ya nyumbani. (Mke wangu ana maoni tofauti.)

Buabua wa mabawa meupe hawajali tope. Wao huokota wadudu juu ya maji huku wakiruka. Yupo pia mwenyeji asiyehama, mnana Ploceus ruweti, aliyeelezwa kisayansi mwaka 1982, na makao yake yanayojulikana ni eneo la ziwa hili.

Lakini tope hilohilo linapokea mabaki ya madini kutoka upande wa Likasi, mji wa migodi. Watafiti wamekuta shaba na kobalti kwenye mashapo, yaani udongo uliotuama chini ya maji, na kwenye samaki. Vyuma vikituama chini, funza wanaishi humohumo, na ndege anakula funza. Bonde la Lufira liliingizwa mwaka 2017 kwenye orodha ya Ramsar, ile ya kimataifa ya ardhi oevu muhimu. Nilifurahi, ila hati haisafishi mashapo.

Kuna jambo moja tunalisahau tukishangilia Oktoba. Vitwitwi wanaondoka Machi na Aprili, na kabla ya hapo lazima wanenepe, maana mafuta ya mwilini ndiyo petroli ya safari. Wakati huo ziwa limejaa na tope limezama. Wanahamia kwenye majani yaliyofurika kandokando na kwenye vidimbwi vya kina kifupi vilivyo nyuma ya matete. Maeneo hayo ndiyo yanayochimbiwa mifereji ili yakauke yapate kulimwa, na katika mipango ya kulinda ziwa ningeyaweka mbele kuliko maji ya katikati.