Pasipoti ya Karafuu ina nguvu kuliko yangu

Mbwa wangu anaitwa Karafuu, na tunazunguka Ulaya pamoja kwa gari-nyumba, lile lenye kitanda, jiko na choo ndani. Ana pasipoti ya buluu ya Umoja wa Ulaya, na akitaka kukaa Hispania mwaka mzima hakuna wa kumuuliza. Mimi ninayemlisha na kumlipia bima nina pasipoti ya Tanzania na kibali cha ukaazi cha Ujerumani. Nikitoka Ujerumani nina siku 90 tu ndani ya kila siku 180, tena kwa nchi nyingine zote za Schengen, zile za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, kwa pamoja. Nilipomweleza mama haya kwa simu, yuko Tanga, alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama huyo mbwa naye analala humo humo garini. Nikamwambia ndiyo mama, miguuni. Akasema, "Haya." Anayeijua "haya" ya Tanga ameshanielewa.

Mimi ni daktari wa mifugo. Nilisomea SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine pale Morogoro, nikaanzia kwenye ng'ombe, na sasa natibu wanyama wadogo kwenye kliniki moja Leipzig. Kila mwaka baridi ikianza kupungua wanakuja watu walionunua gari-nyumba, wanataka kuzunguka Ulaya miezi sita, minane, na mbwa wao. Wananitandazia ramani mezani. Mimi nawaomba kalenda. Ukisafiri na mbwa, njia inachorwa kwa tarehe, na tarehe zinahesabiwa kuanzia mpakani kurudi nyuma.

Tuanze na kichaa cha mbwa. Chipu ya utambulisho chini ya ngozi kwanza, chanjo baadaye. Chanjo iliyotangulia chipu haihesabiki, maana hakuna cha kuthibitisha kwamba aliyechomwa sindano ndiye huyu aliyesimama mpakani. Mbwa awe ametimiza wiki 12, na baada ya chanjo ya kwanza zipite siku 21 ndipo avuke. Hayo wengi wanayajua. Wanachosahau ni safu ya tarehe ya mwisho kwenye ule ukurasa wa chanjo. Hapa Ujerumani chanjo nyingi zinadumu miaka 3. Ukirudia kabla tarehe haijafika, unaondoka siku hiyo hiyo. Ukichelewa hata siku moja, umerudi mwanzo: inaandikwa chanjo ya kwanza, na siku 21 zinaanza upya.

Kuna mzee mmoja alikuja Jumanne, gari ameliegesha nje, baiskeli zimefungwa nyuma, friji imejaa, feri yake kesho. Alitaka nimkague mbwa tu. Nikafungua pasipoti: chanjo imeisha Jumapili. Akaniuliza kwa upole kama nisingeweza kuandika Jumamosi. Nikamwambia siwezi, mzee wangu. Nasikia vyakula vya safari walivila sebuleni wiki tatu.

Sasa tegu, na hapa nakaa kidogo kwa sababu ndipo nilipokwama mwenyewe. Kuna tegu mdogo wa milimita chache anayeishi kwenye utumbo wa mbweha na mbwa, kwa jina la kitaalamu Echinococcus multilocularis. Mayai yanatoka na kinyesi, panya wa porini anayala, mbwa anamla panya, mzunguko umekamilika. Binadamu akiyameza mayai hayo, kiluwiluwi anakua kwenye ini taratibu, miaka kwa miaka, mithili ya saratani. Finland, Ireland, Malta, Norway na Uingereza zinajilinda: mbwa lazima apewe dawa na daktari, na iandikwe kwenye pasipoti pamoja na saa, si chini ya saa 24 na si zaidi ya saa 120 kabla ya kuingia. Saa 24 ni za kuwapa nafasi tegu wafe na kutoka kabla mbwa hajavuka. Saa 120 ni kwa sababu prazikuanteli, ndiyo dawa yenyewe, haikai mwilini. Mbwa akimla panya kesho kutwa, ameambukizwa upya.

Mwaka niliokwama tulikuwa tunakwenda Norway. Nilipanda feri ya Rostock hadi Trelleborg badala ya kupita Denmark, na ilikuwa kwa makusudi. Denmark imepiga marufuku aina 13 za mbwa tangu 2010, na polisi wakimtilia shaka mbwa wako, wewe ndiye unayetakiwa kuthibitisha kwamba si wa aina hizo. Karafuu ni koko halisi, kichwa kipana, baba hajulikani. Nikaona kwa nini nijitafutie maneno.

Jumatatu saa nne asubuhi tuko kwenye kliniki ya mji mdogo wa Sweden. Daktari mwenzangu wa hapo akaichomeka tembe ndani ya kipande cha soseji. Karafuu akaila soseji kwa adabu, akatafuna, akameza, kisha akaitema tembe juu ya kiatu cha daktari, ikiwa safi kabisa. Ya pili ilisukumwa kwa kidole hadi nyuma ya ulimi, kama ninavyofanya mimi kila siku kwa mbwa wa watu. Pasipoti ikaandikwa jina la dawa, tarehe, saa nne kamili, muhuri, saini. Dirisha letu likawa kuanzia Jumanne saa nne asubuhi hadi Jumamosi saa nne asubuhi. Mpango ulikuwa kuvuka Jumatano. Nikajiona fundi.

Jumanne jioni klachi ikafa. Kifaa kilifika Ijumaa mchana, gari likatoka gereji Jumamosi saa saba. Saa tatu tu zimepita, lakini zimepita. Tukalala kando ya ziwa hadi Jumatatu, tukarudi kwa daktari, tembe ya tatu, na Jumanne mchana ndipo tukafika Svinesund, daraja la mpakani kwenye barabara ya E6. Ukiwa na mbwa hapo unashika njia nyekundu ya forodha, hata kama huna kingine cha kutangaza. Ofisa alisoma ile saa kwenye pasipoti, akatazama ukutani, akahesabu kwa vidole. Tangu siku hiyo, napanga kuvuka siku ya kwanza ya dirisha, kamwe siyo katikati yake, na naandika namba za kliniki mbili karibu na mpaka. Ukitoka Norway kwenda Finland moja kwa moja hudaiwi dawa tena. Ukipitia Sweden, unadaiwa.

Kusini hakuna afisa wa kukuhesabia saa, na ndiyo maana watu wanazembea. Adui mkubwa wa pwani ya Mediterania ni usubi, mdudu mdogo kuliko mbu anayefyonza damu. Wasomaji wa Baringo na Turkana wanaijua kala-azar, ugonjwa unaoenezwa na usubi; ya huku inaletwa na vimelea ndugu na wale, na makao yao makubwa ni mbwa. Anaweza kuumwa na usubi leo, dalili zikaja baada ya miezi au hata miaka: anakonda, ngozi inabanduka kuzunguka macho, kucha zinarefuka kupita kiasi. Dawa zinatuliza, ila vimelea mara nyingi vinabaki mwilini maisha yote. Kwa hiyo kinga ndiyo mpango wenyewe. Kola ya deltamethrini, dawa ya kufukuza wadudu, ivaliwe wiki moja au mbili kabla ya kufika, kwa sababu dawa inahitaji muda kusambaa kwenye manyoya. Kuanzia magharibi hadi alfajiri mbwa alale ndani. Neti ya kawaida ya dirisha la gari inazuia mbu, usubi anapenya. Anaruka kwa unyonge lakini, hata feni ndogo inamshinda. Na kama umebeba paka pia, usimpake dawa ya mbwa yenye permethrini, inamuua.

Bonde la mto Po, kaskazini mwa Italia, lina minyoo ya moyo inayoletwa na mbu. Tembe ya kila mwezi inaua viluwiluwi vilivyoingia mwezi uliopita. Hivyo hata ukishatoka huko, endelea na dozi. Watu wanaacha siku wanayovuka Alpi, na hapo ndipo penye kosa.

Mimi nashuka kusini katikati ya Novemba, usubi wakiwa wamepungua. Mahesabu ya siku zangu yanakubali. Mwaka jana nilikaa nje siku 41 kuanzia tarehe 10 Juni, nikarudi Leipzig kufanya kazi, nikatoka tena tarehe 20 Novemba. Dirisha la siku 180 linatembea nawe: kuanzia tarehe 7 Desemba siku zangu za Juni zilianza kudondoka nyuma moja moja, huku za Hispania zikiongezeka mbele. Nilikaa hadi katikati ya Februari bila kugusa 90. Fanya hesabu hii kwa kila siku ya safari, usifanye ya siku ya kuondoka peke yake. Na wenye kibali cha Ujerumani mkumbuke jambo jingine: kukaa nje ya nchi zaidi ya miezi sita mfululizo kwa kawaida kunakifuta.

Januari hadi Aprili, Hispania na Ureno zina viwavi wa misonobari. Tazama juu: viota vyeupe kama pamba ya sukari kwenye ncha za matawi. Wakishuka wanatembea kwa mstari, mmoja nyuma ya mwingine, kama wanafunzi wanaokwenda paredi. Mbwa ananusa, analamba, na vinyweleo vyao vinaunguza ulimi hadi unavimba na sehemu yake kufa. Suuza mdomo kwa maji mengi, usisugue, kimbia kwa daktari. Mimi simwegeshi Karafuu chini ya misonobari miezi hiyo, hata kama ndiyo kivuli pekee.

Wateja wangu wengi wa Kijerumani hawaishii Hispania, wanavuka kutoka bandari ya Algeciras kwenda Morocco kutafuta jua. Kwenda si tatizo. Kurudi ndiko kunakouma. Morocco, sawa na Uturuki, haimo kwenye orodha ya nchi ambazo Ulaya inaziamini kuhusu kichaa cha mbwa, kwa hiyo mbwa anayetoka huko lazima awe na kipimo cha kingamwili za damu, angalau 0.5 IU (vipimo vya kimataifa) kwa mililita. Damu inatolewa siku 30 au zaidi baada ya chanjo. Ukipimisha kabla hujatoka Ulaya na matokeo yakaandikwa kwenye pasipoti, unarudi siku yoyote, na kipimo kinadumu maisha yote ya mbwa mradi chanjo zisikatike. Ukisahau, damu itatolewa huko huko na utasubiri miezi 3 tangu siku ya kuitoa. Miezi 3 ya kuegesha gari, na siku zako zote zimevurugika. Namshauri kila mwenye gari-nyumba apimishe, hata anayeapa hatafika Morocco. Wengi wanafika.

Kuhusu gari lenyewe sina mengi. Leseni ya udereva ya daraja B ya kawaida inaishia kwenye gari la kilo 3,500, na maji ya lita 100 ni kilo 100. Ongeza gesi, chakula cha mbwa cha mwezi na mbwa mwenyewe, kisha pitisha gari kwenye mizani likiwa limejaa kabla hujaondoka. Kwa sheria za barabarani za Ujerumani mbwa ni mzigo na lazima afungwe; mkanda wa kifuani unatosha. Italia inataka kamba isiyozidi mita 1.5 na kifunga mdomo kiwe mfukoni. Na joto: gari-nyumba lililoegeshwa juani ni tanuri. Mimi nimeweka kipimajoto chenye laini ya simu kinachonitumia ujumbe ndani kukifika nyuzi 27.

Wawili watatu wameniuliza kuhusu kumleta mbwa wa nyumbani, kutoka Dar au Nairobi, aje kuanza maisha haya. Tanzania na Kenya nazo hazimo kwenye ile orodha, kwa hiyo ni mlolongo ule ule: chipu, chanjo, siku 30, damu kwenda maabara iliyoidhinishwa na Umoja wa Ulaya, kisha miezi 3 kamili tangu damu ilipotolewa, halafu cheti cha daktari wa serikali siku chache kabla ya kuruka. Kwa makaratasi ni miezi minne. Mimi ningeanza miezi sita kabla, kwa sababu sampuli hupotea, na kipimo kikishindikana unachanja tena na kuhesabu upya. Mbwa asiruke zaidi ya siku tano mbele au nyuma yako, vinginevyo anahesabiwa bidhaa.